Tumbo Moja, Njia Mbili: Namna ya Kuishi na Ndugu Mnayepingana Kiimani na Kimaisha

Rafiki mkishindwana mnaachana, na baada ya muda kila mtu anashika yake. Kwa ndugu haiwi hivyo. Hata mkinuniana miaka, mtakutana msibani, mtakutana kando ya kitanda cha mzazi, na majina yenu yatatajwa pamoja kila watu wanapohesabu watoto wa nyumba ile. Ndiyo maana swali la nani kati yenu yuko sahihi, ingawa lina uzito wake, si la kuanzia. Anza na hili: nifanye nini ili niweze kukaa naye chumba kimoja bila kujikana mimi na bila kumvunja yeye?

Mwongozo huu ni wa yule ambaye dada yake ameshika dini kwa nguvu wakati yeye ameiacha, au kinyume chake. Ni wa yule ambaye kaka yake anashabikia siasa anazoziona za hatari, au mdogo wake anaishi na mwenza bila ndoa, anakunywa, anatapanya kila anachopata, au amekataa njia ambayo familia nzima iliiona ndiyo njia. Ni wa aliye upande wa pili vilevile: yule anayesemwa, anayeombewa kwa sauti ili asikie, anayeulizwa kila mnapokutana atabadilika lini. Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nami nimeipa nafasi kubwa.

Hatua ya 1: Jua hasa mnachogombania

Chukua karatasi uandike kila kinachokuudhi kuhusu ndugu yako, kama kinavyokujia, bila kukipamba. Kisha pitia orodha yako ukiweka alama: A kwa anachoamini, B kwa anavyoendesha maisha yake, C kwa anachokufanyia wewe.

Ukimaliza, tazama maumivu yako makubwa yameangukia wapi. Mara nyingi yako kwenye C. "Anadharau kazi yangu mbele ya watu." "Hajawahi hata siku moja kumuulizia mume wangu." "Alikuja kwangu akaanza kuwahubiria watoto bila kuniuliza." Hayo ni mambo ya heshima, na heshima inazungumzika hata kati ya watu ambao hawatakubaliana kamwe kuhusu Mungu au serikali. Juu ya A huna mamlaka. Juu ya B pia huna, mpaka pale linapogeuka kuwa C, kwa mfano ulevi wake unapolipiwa kwa mshahara wako. Kumbe tunapigana juu ya A kwa sababu ni rahisi kumwambia mtu "imani yako ni ya uongo" kuliko kumwambia "uliniumiza."

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hailionyeshi upesi, nalo ni mambo ya zamani. Nani alipendwa zaidi, nani alisomeshwa, nani aliondoka na nani akabaki kuuguza. Jipime hivi: kama jirani yako ana imani ileile ya kaka yako na hakukeri hata robo ya anavyokukera kaka yako, basi kuna jeraha la nyumbani ndani ya ugomvi huo, na hakuna hoja ya dini wala siasa itakayoliponya. Litaje kwa jina lake, angalau mbele ya nafsi yako.

Acha pia kujisumbua na "tumelelewa pamoja, haya ameyatoa wapi?" Vidole vya mkono mmoja havilingani, na watafiti wamelithibitisha hilo kwa njia yao. Mwaka 1987 Robert Plomin na Denise Daniels walipitia tafiti nyingi za ndugu wakaonyesha kwamba kwa haiba, watoto wa nyumba moja hutofautiana karibu sawa na watoto wawili waliochukuliwa popote. Sababu mojawapo ni kwamba kila mtoto hukulia katika nyumba yake, hata kama paa ni lilelile: aliyezaliwa wa kwanza alilelewa na wazazi vijana wenye hofu, na kitinda mimba akalelewa na wazazi waliochoka au waliolegeza kamba. Kutofautiana kwenu hakumaanishi kwamba mmoja amelogwa au kwamba mama alishindwa kulea.

Hatua ya 2: Tenga tofauti na hatari

Ndugu anayekupiga, anayekutisha, anayekuibia, anayechukua mikopo kwa jina lako, au anayehatarisha watoto, hayuko katika mjadala wa tofauti za kimaisha. Hapo kinachotangulia ni usalama: ondoka, linda watoto, linda nyaraka na fedha zako, tafuta msaada wa watu wenye mamlaka. Usikubali mtu akunyamazishe kwa "lakini ni damu yako."

Uraibu nao una njia yake. Al-Anon, umoja wa familia za walevi ulioanzishwa Marekani mwaka 1951, huwafundisha watu wake mambo matatu kuhusu ulevi wa ndugu: hukuusababisha, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Unaweza kumpenda mtu huku ukikataa kumpa fedha za kujimalizia.

Hatua ya 3: Acha kazi ya kumgeuza

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ninawaelewa. Unaona ndugu yako anaelekea shimoni, iwe shimo hilo unaliita dhambi, ujinga au kupotoshwa, na kila siku unayokaa kimya unajihisi msaliti. Hivyo unasema. Asiposikia, unasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Mwisho amejifunza jambo moja tu: kwamba ukifika wewe, amani imekwisha.

Kubanwa hakumlegezi mtu mzima, humkaza. Mwaka 1993 William Miller na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wenye tatizo la pombe waliopelekwa kwa washauri. Kadiri mshauri alivyombana na kumkosoa mteja kwenye mazungumzo, ndivyo mteja yule alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Na hao walikuwa wageni kwa wageni. Fikiria uzito wa kukosolewa na mtu aliyekuwa akikunyang'anya vitu vya kuchezea. Mtu akishambuliwa hutafuta hoja za kujitetea, na akishazisema mara kumi mbele yako, zinakuwa imara kichwani mwake kuliko zilivyokuwa kabla hujamgusa. Wewe ndiye uliyempa mazoezi.

Fanya hivi. Chagua wakati mmoja, mkiwa wawili tu, hakuna aliyelewa, hakuna mwenye haraka. Sema msimamo wako mara moja, wazi, bila matusi na bila kumzungushia. Mfano: "Dada, nataka nikwambie jambo moja halafu nisilirudie. Njia uliyochukua inanipa hofu, na mimi siiamini. Nimekuambia kwa sababu nakupenda na sitaki uhisi nakuficha. Sasa umejua. Ukitaka tulizungumze siku yoyote, nipo." Basi. Ukishasema hivyo, umemaliza, na mlango wa mazungumzo unaofunguka tena ni ule atakaoufungua yeye.

Kunyamaza kwenyewe kuna wizi wake. Unaweza kuwa umefunga mdomo lakini bado unamtumia mahubiri kwa simu, bado unamtumia video za kumthibitishia kwamba chama chake ni cha wezi, bado unamtuma shangazi "akaongee naye," bado unavuta pumzi ndefu kila akigusa glasi. Hayo yote ni kusema. Yaache pia.

Wapo watakaouliza: dini yangu inaniamuru nikataze maovu, nikinyamaza si nimeridhia? Swali hilo ni la haki na sitaki kulipuuza. Jibu langu ni kwamba kuonya ni tofauti na kusumbua. Umeonya, amesikia, ameelewa. Kumrudishia onyo lilelile kila mkionana hakumpi elimu mpya, kunampa sababu ya kutokuja. Na kama unaamini kuwa mwenendo wako mwema unaweza kumvuta mtu, basi unahitaji awe karibu vya kutosha kuuona.

Na wewe unayegeuzwa? Kosa ni kujibu kila hoja. Ukijibu, umekubali kwamba maisha yako yapo mahakamani na yeye ndiye hakimu. Mpe jibu moja fupi, lilelile kila mara, kwa sauti ileile ya upole: "Kaka, nimekusikia, na najua unanitakia mema. Jibu langu halijabadilika. Niambie, mguu wako unaendeleaje?" Mara ya tano atachoka. Mara ya kwanza na ya pili atasema umekuwa jeuri, vumilia.

Hatua ya 4: Muulize juu ya maisha yake

Watu wanaopingana huulizana maswali ya kutegana: "Sasa kama Mungu yupo, mbona…?" Hayo weka kando. Uliza maswali ambayo hujui majibu yake. Ilianzaje? Nani alikupokea vizuri huko? Kuna siku unachoka nako? Ungependa nielewe nini ambacho naona nakosea kila mara?

Halafu sikiliza bila kutayarisha jibu. Akimaliza, mrudishie ulichosikia kwa maneno yako: "Kwa hiyo ulipofiwa na mwenzio hukupata mtu wa kukaa nawe, na hawa ndio waliokuja." Si lazima uongeze lolote. Mara nyingi utagundua kwamba nyuma ya imani inayokukera kuna upweke, au hofu, au msiba ambao ninyi wa nyumbani hamkuuona ulivyompiga. Kumwelewa hivyo hakukulazimishi kukubaliana naye. Kunakusaidia kuacha kumwona kama msemaji wa kundi fulani ukaanza kumwona tena kama mdogo wako.

Hatua ya 5: Weka mipaka inayokuhusu wewe

Neno mipaka limetumika vibaya hadi wengine wanalisikia kama jina jingine la kuamrisha. "Mpaka wangu ni kwamba usivae hivyo" ni amri. Mpaka wa kweli unaeleza utakachofanya wewe na unahusu kilicho chako: mwili wako, nyumba yako, fedha zako, muda wako, watoto wako.

"Siasa zikianza mezani, mimi nitatoka nje kidogo, nitarudi zikiisha."

"Karibu kwangu siku yoyote, ila ukiwa umelewa sitafungua mlango. Nitakuitia usafiri."

"Watoto wakikuuliza unaamini nini, waambie kwa kifupi. Mafundisho ya imani tutawapa sisi wazazi wao."

"Nitakusaidia ada ya mtoto, nitailipa shuleni moja kwa moja. Fedha mkononi sitatoa."

Mwambie mapema, mkiwa watulivu, kamwe si katikati ya ugomvi. Halafu utekeleze, hata mara ile ya kwanza ambapo inauma. Mpaka uliotangazwa mara sita bila kutekelezwa unamfundisha kwamba maneno yako ni kelele. Na haki hiyo ni ya pande zote: kwake ni kwake. Kama kwake huwa wanasali kabla ya kula, inamisha kichwa au kaa kimya kwa heshima; hukuombwa kuamini. Kama kwake hawasali, sali moyoni.

Watoto waambie ukweli kwa lugha yao, bila kumdhalilisha mtu: "Baba mdogo anaamini vingine na sisi. Sisi nyumbani tunafanya hivi. Anawapenda, nanyi mtamheshimu." Mtoto akisikia wewe ukimsema vibaya baba yake mdogo, siku moja atajiuliza utamsema vipi yeye akichagua tofauti.

Hatua ya 6: Jua la kufanya joto likipanda

Hata ukifuata yote, siku moja mtalipuka. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewapima wanandoa wakiwa katikati ya mabishano, alionyesha kwamba mapigo ya moyo yakipita takriban 100 kwa dakika mtu hana tena uwezo wa kusikiliza vizuri, na kwamba mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Ndugu nao wana miili ileile. Kwa hiyo usijaribu kumalizia hoja. Sema: "Nimekasirika, nitasema neno nitakalolijutia. Nipe nusu saa, narudi." Kisha rudi kweli, maana ukiondoka bila kurudi umemwadhibu.

Usibishane kwa maandishi. Ujumbe hauna sauti wala uso, unasomwa mara ishirini, na unapigwa picha ukatumwa kwa wengine. Kwenye kundi la familia la WhatsApp ndiyo kabisa: pale mbele ya shangazi na wajomba hakuna anayeweza kurudi nyuma bila aibu. Akiandika la kukuchoma, mpigie simu, au acha lipite. Ukishindwa kabisa kujizuia, andika jibu lako mahali pengine, lilalie, ulisome asubuhi.

Hatua ya 7: Wazazi na ndugu wengine waache nje

Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyechunguza familia, aliieleza hali hii kwa jina la pembetatu: wawili wasioelewana humvuta wa tatu ili wapunguziane mzigo. Unamlalamikia mama juu ya dada yako, mama anamwambia dada, dada anamjibu mama, na mama ndiye anayekosa usingizi wakati ninyi wawili hamjasemezana hata neno moja.

Ukiwa na neno na ndugu yako, mpelekee yeye. Mtu akikuletea maneno yake, mjibu: "Naomba usinibebee. Kama ana jambo, namba yangu anayo." Na mama akikuomba umpige vita mwenzio kwa niaba yake, kataa kwa adabu: "Mama, hilo ni kati yako na yeye. Mimi nataka nibaki kaka yake."

Kuna mahali pamoja ambapo hamtaweza kukwepana: mzazi akiugua. Hapo tofauti zenu zinakuwa maamuzi. Mmoja anataka maombi, mwingine upasuaji. Mmoja ana fedha, mwingine ana muda. Msingoje siku hiyo. Kaeni mapema, na mzazi akiwepo kama ana akili timamu, aseme mwenyewe anataka nini, maana matakwa yake ndiyo yanayotangulia imani zenu zote. Andikeni nani analipa nini, nani analala hospitali siku zipi, nani anazungumza na madaktari. Kazi ikishagawanywa kwa maandishi, hamhitaji kukubaliana juu ya mbingu ili mama apate dawa kwa wakati.

Sherehe nazo zinaumiza. Dada yako anaolewa kwa namna ambayo dhamiri yako haiikubali, au mtoto wa kaka yako anaingizwa katika dini nyingine. Maoni yangu ni haya: nenda kila mahali unapoweza kwenda bila kusema uongo juu yako mwenyewe. Kuwepo si sawa na kushiriki. Unaweza kukaa nyuma, usitamke usiyoyaamini, ukampongeza na kumkumbatia. Kama kuna sehemu usiyoweza kabisa, mwambie wiki nyingi kabla, yeye mwenyewe kwa mdomo wako, na useme utakachoweza: "Ibada sitaweza, lakini jioni nitakuwepo mpaka wa mwisho aondoke." Kutokutokea bila kusema ndiko kunakokumbukwa miaka thelathini.

Hatua ya 8: Tafuta mahali pasipo na vita

Uhusiano unaozungumza tofauti tu hufa. Tafuteni jambo moja mnalolipenda wote wawili lisilogusa kabisa mambo yale: mpira, kutembea, kutengeneza kitu, picha za zamani za babu. Mikutano iwe mifupi na ya mara kwa mara. Saa mbili zilizoisha vizuri ni bora kuliko siku tatu za likizo zilizoisha kwa mlango kubamizwa. Na mkifanya kitu kwa mikono mkiwa bega kwa bega, hamkai mkitazamana kama wapinzani. Mtumie salamu bila ajenda. Mkumbuke siku yake ya kuzaliwa. Mwambie lililo jema unaloliona kwake, hasa kama limetokana na ile imani usiyoipenda: "Tangu uanze mambo haya umekuwa mpole kwa mama, nimeliona." Kumsifu kwa haki hakukupunguzii chochote.

Hatua ya 9: Ukilazimika kukaa mbali

Umejaribu, na bado kila mkionana unarudi nyumbani umevunjika. Hauko peke yako. Katika utafiti wa Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2020, asilimia 27 ya watu wazima Marekani walisema wamekatana na jamaa fulani wa familia yao.

Umbali una ngazi, na si lazima uruke hadi ya mwisho. Punguza kwanza marudio ya kuonana. Kisha simu ziwe ujumbe. Kisha mkutane kwenye misiba na harusi tu, kwa salamu na heshima. Kukata kabisa kubaki kwa pale ambapo kila ngazi nyingine imekuumiza. Usitangaze mbele ya ukoo. Mwambie yeye peke yake, kwa maneno machache, ukitaja kitendo badala ya imani yake: "Nitakaa kimya kwa muda, kwa sababu kila tukionana unanitukana mbele ya wanangu. Hilo likiisha, nipo." Hivyo anajua mlango unafunguliwa na nini, na anajua hukumkata kwa sababu ya dini yake, chama chake au mtu anayempenda.

Utaomboleza, na utaona ajabu kumlilia mtu aliye hai. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, nje ya familia, ili usije ukawageuza wanao kuwa sikio lako.

Ukitaka kurudi, usianze na mjadala wa nani alikosea. Anza na salamu fupi isiyodai jibu: "Habari za siku nyingi, kaka. Nimekukumbuka leo, nikaona nikusalimu." Akijibu, zungumzeni mambo madogo kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa yale makubwa, na usimtake akiri kwamba aliamini vibaya, mtake tu akubali mambo ya C, yale aliyokutendea wewe. Asipojibu, mwache miezi michache, halafu mtumie salamu nyingine ya aina ileile.